Kwa nini ni vigumu kumwondoa Mkenya katika orodha ya wakimbizi

Kijana aliyezaliwa Kenya, akasomea Kenya, na ambaye wazazi wake wawili wana vitambulisho vya Kenya, anaweza kufika katika afisi ya usajili wa watu mjini Garissa akaambiwa kwamba, kwa mujibu wa kompyuta, yeye ni mkimbizi kutoka Somalia.

Hajavuka mpaka wowote, na huenda hajawahi kuikanyaga Somalia hata siku moja. Lakini alama za vidole vyake zimo katika orodha ya wakimbizi wa Dadaab, na maadamu zimo humo, ombi lake la kitambulisho cha taifa hukwama.

Hali hiyo, inayojulikana kama usajili maradufu, imewakumba maelfu ya Wakenya wa kaunti ya Garissa na sehemu nyingine za Kaskazini Mashariki. Makadirio yanayotajwa sana na watetezi wa haki za binadamu ni kwamba walioathiriwa hawapungui watu 40,000.

Wengi huuliza swali moja jepesi. Ikiwa kosa linajulikana, na mhusika yuko tayari kuthibitisha uraia wake, kwa nini jina lake lisifutwe mara moja na mambo yakaisha? Jibu lake si jepesi. Nusu yake imo katika sheria, na nusu nyingine imo katika namna kumbukumbu za kompyuta zinavyohifadhiwa, zinavyoharibika na zinavyorekebishwa.

Mgao wa chakula

Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka mjini Mogadishu na maelfu ya Wasomali wakakimbilia Kenya. Kambi tatu za kwanza, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa kuwahifadhi watu wapatao 90,000. Kufikia mwaka 2011, ukame na njaa vilipoikumba Somalia, idadi yao ilikuwa imepita 460,000, na kuna nyakati ambapo zaidi ya wageni 1,000 waliwasili kwa siku moja.

Ukame huo haukuwachagua watu kwa uraia. Mfugaji wa Lagdera au Fafi aliyepoteza ng'ombe na mbuzi wake alikuwa na njaa sawa na jirani yake aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Tofauti ilikuwa moja tu. Jirani alikuwa na kadi ya mgao iliyompa unga, mafuta ya kupikia na maharagwe, matibabu ya bure na nafasi ya watoto wake shuleni. Mwenyeji hakuwa nayo.

Wote wawili wanazungumza Kisomali, wana dini moja na mara nyingi wanatoka katika koo zilezile, ambazo mpaka wa kikoloni ulizigawa bila kuziuliza. Mwenyeji alipopanga foleni ya usajili, ilikuwa vigumu kwa karani kumtambua, na yeye mwenyewe hakuona sababu ya kujitambulisha. Wengine walikwenda kwa ajili ya chakula, wengine kwa ajili ya hospitali, na wako waliotumaini kuhamishiwa Marekani au Ulaya.

Jambo muhimu ni kwamba wengi wa wanaoteseka leo hawakupanga foleni hiyo kwa hiari yao. Walikuwa watoto. Walishikwa mkono na mama, shangazi au jirani, wakapigwa picha, vidole vyao vikabanwa juu ya kioo cha mashine, wakarudi nyumbani na kusahau. Miaka ilipita, kijana akamaliza shule, akatimiza umri wa miaka 18 ambao sheria inautaka, akaenda kuomba kitambulisho. Hapo ndipo mashine ilipomkumbuka.

Mashine hujua nini?

Ili kuelewa kinachotokea, ni lazima kwanza kufahamu kazi ya mashine ya alama za vidole na mipaka yake.

Mashine haihifadhi kidole. Hupiga picha ya mistari iliyo kwenye ncha ya kidole, kisha hutafuta mahali ambapo mistari hiyo inakatika au kugawanyika kama panda za njia. Nafasi za panda hizo hugeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu hizo ndizo zinazolinganishwa na za watu wengine waliomo katika hazina ya data.

Zikikaribiana kupita kiwango kilichowekwa, mashine hutoa jibu kwamba vidole hivi na vile ni vya mtu mmoja. Jibu hilo kwa kawaida huwa sahihi, ingawa vidole vilivyochubuka kwa kazi ngumu au kunakiliwa vibaya vinaweza kuipotosha mashine.

Lakini jibu hilo ni la swali moja pekee. Mashine inaweza kusema kwamba mtu aliyesimama mbele ya afisa leo ndiye mtoto aliyesajiliwa kambini miaka mingi iliyopita. Haiwezi kusema ni lipi kati ya maelezo mawili yaliyoandikwa juu ya mtu huyo lililo kweli. Katika orodha moja ameandikwa kuwa mkimbizi, naye anaiomba orodha nyingine imwandike kuwa raia. Mashine huona mgongano, ikafunga mlango na kumwachia binadamu aamue.

Matatizo huanza pale ambapo hakuna binadamu aliyepewa mamlaka ya kuamua, au yule aliyepewa anaposhika jibu la mashine kana kwamba ndilo ushahidi wa uraia.

Kasoro ya aina ya pekee

Wataalamu wa kompyuta wanapozungumzia data iliyoharibika, kwa kawaida huwa na maana ya uharibifu wa umbo. Gazeti lenye tovuti, kwa mfano, huweka makala zake zote katika hazina moja. Kila makala hupewa namba, na namba hiyo hufungamanishwa na picha, tarehe, mwandishi na mada. Umeme ukikatika kompyuta inapoandika, namba moja inaweza kubaki ikielekeza mahali pasipo na kitu, au makala mbili zikajikuta zimeshikana chini ya namba moja.

Uharibifu wa namna hiyo unaudhi, lakini dawa yake inajulikana. Fundi huanza kwa kuchukua nakala ya hazina nzima kabla ya kugusa chochote. Kisha huendesha programu ya kupekua fundo baada ya fundo, akaliona lililooza, akalitenga, akalirejesha kutoka nakala ya zamani na kuijenga upya faharasa. Akimaliza, huijaribu kazi yake kabla ya kuifungulia umma. Programu inaweza kuliona kosa kwa sababu kosa limo ndani ya hazina yenyewe.

Usajili maradufu ni kasoro ya aina nyingine. Rekodi ya mtoto aliyeandikishwa Dadaab haikuoza popote. Ina namba, jina, picha, tarehe na vidole, na kila kipengee kimefungamana na mwenzake inavyopasa. Ukiipekua kwa programu yoyote utaambiwa ni nzima. Lakini palipoandikwa nchi ya asili pana neno lisilo la kweli.

Kosa la namna hiyo haliwezi kugunduliwa kwa kuitazama hazina peke yake. Ni lazima fundi atoke nje ya kompyuta, aende kwa chifu, kwa mkunga, kwa mwalimu mkuu na kwa wazee wa mtaa, aulize mtu huyu ni mtoto wa nani. Ndiyo maana urekebishaji wake ni wa polepole na wa gharama, na ndiyo maana watawala wengi huuahirisha.

Kwa nini kufuta tu hakutoshi

Chukulia mfano wa kijana wa wadi ya Waberi, katika eneo bunge la Garissa Mjini, ambaye utotoni aliandikishwa kambini pamoja na shangazi yake. Endapo afisa atabonyeza kitufe na kuifuta rekodi yake, matatizo manne yatazuka.

La kwanza ni jamaa. Rekodi za wakimbizi hufungamanishwa kwa kaya. Namba ya kijana imefungamanishwa na kadi ya shangazi, na ya shangazi na ya watoto wake. Huenda shangazi mwenyewe ni mkimbizi wa kweli, aliyeolewa katika familia ya Kenya. Ukilikata fundo moja bila uangalifu, unaweza kumpunguzia mama huyo mgao wake au kumtilia shaka asiyestahili.

La pili ni nakala. Orodha ya wakimbizi haijakaa mahali pamoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilikuwa na mfumo wake, unaoitwa proGres. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliunda idara ya serikali ya kushughulikia wakimbizi, nayo baadaye ikachukua jukumu la kuwasajili. Oktoba 2013, UNHCR na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) zilianza kutumia alama za vidole katika ugawaji wa chakula Dadaab na Kakuma. Kando ya hayo yote ipo mitambo ya idara inayotoa vitambulisho vya taifa. Rekodi iliyofutwa mahali pamoja na kubaki kwingine haijafutwa. Mhusika hupewa barua ya kusema kwamba yeye si mkimbizi tena, akaifikisha afisini Garissa, na mashine ya hapo ikamkataa kama jana.

La tatu ni kumbukumbu ya tendo lenyewe. Rekodi ikifutwa bila kuacha alama, mwaka ujao hakuna atakayejua ni nani aliyeifuta, kwa ushahidi gani na kwa idhini ya nani. Pengo hilo ni neema kwa mla rushwa. Mtu asiyestahili anaweza kununua ufutaji, na mtu anayestahili akashindwa kuthibitisha kwamba alisafishwa kihalali.

La nne ni mamlaka. Anayeshika orodha ya wakimbizi hana uwezo wa kutamka kwamba fulani ni raia. Anayetoa vitambulisho naye hana uwezo wa kuibadili orodha ya wakimbizi. Kila mmoja anaweza kumwelekeza mwombaji kwa mwenzake, tena kwa nia njema kabisa, na mwombaji akabaki katikati. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni mwendo wa takriban kilomita 100, na kwa mtu asiye na kitambulisho safari hiyo hupitia vizuizi vya polisi.

Jinsi rekodi inavyopaswa kurekebishwa

Mafundi wanaotunza hazina za data wana kanuni ambazo hazitofautiani sana, iwe ni hazina ya benki, ya hospitali au ya gazeti. Kanuni hizo zikitumiwa katika suala la Garissa, njia huonekana.

Hatua ya kwanza ni kutofuta. Rekodi yenye kosa huwekewa alama ya kuisimamisha, ili isiendelee kumdhuru mhusika wala kumpa mgao, lakini ibaki ikisomeka kwa wakaguzi. Marekebisho huandikwa juu yake pamoja na tarehe, jina la afisa na ushahidi uliotumika.

Hatua ya pili ni kutenganisha mambo mawili ambayo mashine imeyachanganya, yaani utambulisho na hadhi. Alama za vidole hujibu swali la huyu ni nani. Uraia hujibiwa na nasaba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Hakuna mahali inaposema kwamba raia hupoteza uraia huo kwa kuwa aliwahi kula mgao wa wakimbizi.

Hatua ya tatu ni kukusanya ushahidi kutoka vyanzo visivyotegemeana. Vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, vyeti vya shule na ushuhuda wa wazee vikikubaliana, uzito wake hupita ule wa sentensi moja iliyoandikwa na karani mwenye foleni ya watu mia mbele yake. Kisichofaa ni kutegemea chanzo kimoja, hasa chanzo kinachoweza kununuliwa au kinachoongozwa na uhasama wa koo.

Hatua ya nne ni kuyasambaza marekebisho katika kila nakala kwa siku moja au kwa muda uliowekwa. Hatua ya tano ni kujaribu. Kabla ya kumwambia mwombaji aende nyumbani, vidole vyake vinapaswa kuwekwa tena juu ya kioo, na afisa ajionee kwamba mlango umefunguka.

Hatua ya mwisho ni kuziba chanzo. Mwenyeji anayekufa njaa kando ya kambi iliyojaa chakula ataendelea kutafuta kadi, awe ameonywa au hakuonywa. Misaada ya ukame ikimfikia mwenyeji kwa haki yake, hatakuwa na sababu ya kujiita mgeni katika nchi yake.

Kilichokwisha kufanyika

Serikali haikulipuuza suala hili kabisa. Mwezi Mei 2016 ilipotangaza nia ya kuifunga Dadaab, jambo ambalo Mahakama Kuu ililizuia Februari 2017, mpango uliofuata wa Kenya, Somalia na UNHCR ulitaja wazi kwamba Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi wangeondolewa katika orodha. Mwaka huohuo kambi zilihakikiwa upya, na katika miaka iliyofuata kamati za ukaguzi ziliketi Garissa na kuwasikiliza maelfu ya waombaji.

Hata hivyo, kukaguliwa na kusafishwa ni mambo mawili. Wako waliopita mbele ya kamati, wakaonekana kuwa Wakenya, na bado wakasubiri miaka bila vitambulisho kwa sababu uamuzi wa kamati haukufika katika mitambo. Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, lilichapisha ripoti juu ya hali hiyo mwaka 2021 na kulifikisha suala mahakamani.

Ukaguzi wenyewe una historia chungu katika eneo hili. Novemba 1989, serikali ya wakati huo iliwaagiza Wakenya wenye asili ya Kisomali wapite mbele ya kamati kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya ziada yenye rangi ya waridi. Wenye umri mkubwa mjini Garissa wanaikumbuka kadi hiyo kwa fedheha, kwa kuwa Wakenya wengine hawakudaiwa. Kwa hiyo kamati mpya inapoundwa, hata kwa nia ya kusaidia, watu huiendea kwa hofu.

Februari 5, 2025, Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kuondoa ukaguzi maalumu uliokuwa ukifanyiwa waombaji wa vitambulisho katika kaunti za mpakani. Hatua hiyo ilipokewa kwa shangwe, kwani vijana wa Kaskazini Mashariki walikuwa wakisubiri vitambulisho kwa miezi au miaka huku wenzao wa sehemu nyingine wakivipata kwa wiki chache.

Lakini msomaji asichanganye mambo. Ukaguzi wa wazee ulikuwa mlango wa mbele, na tangazo hilo liliulenga mlango huo. Usajili maradufu ni kufuli lililo ndani ya mashine. Mwombaji anaweza kupita bila kuulizwa swali hata moja na wazee, kisha vidole vyake vikamrudisha nje. Kufuli hilo halifunguliwi kwa tangazo. Hufunguliwa kwa kurekebisha rekodi, moja baada ya nyingine.

Hoja za pande mbili

Upande wa dola una hoja zinazostahili kusikilizwa. Kenya imepata mashambulizi ya kigaidi, likiwemo lile la Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015 ambapo watu 148 waliuawa. Maafisa wa usalama wanahofia kwamba mlango ukifunguliwa ovyo, wageni wanaweza kupenya na kujipatia vitambulisho kwa kudai kwamba nao walisajiliwa kimakosa. Hofu hiyo si ya kubuni. Kitambulisho cha Kenya kina thamani, na biashara ya kukiuza kwa magendo imewahi kuzungumzwa mara nyingi.

Wapo pia wasemao kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Aliyedanganya ili apate unga, wanasema, asilalamike akichukuliwa kwa maneno yake.

Hoja hiyo ina uzito kwa mtu mzima aliyejua alitendalo, ingawa hata huyo hastahili kunyang'anywa uraia kwa kosa la kuona njaa. Kwa aliyekuwa mtoto haina uzito wowote, kwani sheria haimhesabii mtoto wa miaka saba uongo wa shangazi yake.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kudai kwamba habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomdhuru zisahihishwe au zifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilikazia haki hiyo na kuunda afisi ya kamishna wa kuisimamia. UNHCR nayo ilijiwekea kanuni mwaka 2015 zinazowapa walioandikwa katika orodha zake haki ya kuomba marekebisho. Kwa maneno mengine, kinachokosekana si haki ya kusahihishwa. Kinachokosekana ni dirisha moja ambapo haki hiyo inaweza kudaiwa na kujibiwa kwa muda unaojulikana.

Maisha bila kadi

Uzito wa suala hili hauonekani katika kompyuta bali katika siku za kawaida za mtu mzima asiye na kitambulisho. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hawezi kuwa na akaunti yake ya M-Pesa, na fedha anazotumiwa hupitia simu ya ndugu. Hawezi kufungua akaunti ya benki. Akipata nafasi ya chuo kikuu, mkopo wa serikali humponyoka. Hapigi kura. Hapati pasipoti ya kwendea Hijja wala ya kutafutia kazi katika nchi za Ghuba.

Akitaka kwenda Nairobi, umbali wa takriban kilomita 370, hulazimika kwanza kuvuka mto Tana na kupita vizuizi ambako kila abiria hutakiwa kuonyesha kitambulisho. Wengi huamua kubaki. Kijana aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne huishia kusukuma mkokoteni au kuuza dukani kwa jamaa, kwa sababu mwajiri yeyote mwenye karatasi humtaka karatasi.

Na madhara hayaishii kwake. Mtoto wa mtu asiye na kitambulisho hupata taabu ya kupewa cheti cha kuzaliwa, na asiye na cheti hupata taabu ya kuandikishwa mtihani wa taifa. Kwa njia hiyo, neno moja lililoandikwa vibaya kambini linaweza kurithiwa na mtu ambaye hakuwa amezaliwa lilipoandikwa.

Hazina mpya, makosa ya kale

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa Kenya imekuwa ikielekea katika mfumo mmoja wa utambulisho. Mwaka 2019 mamilioni ya watu walijiandikisha kwa Huduma Namba, mpango uliokwama mahakamani, kisha mwaka 2023 serikali ikaja na Maisha Namba, ambayo inakusudiwa kumfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kufa.

Mfumo wa aina hiyo una faida nyingi, lakini una hatari moja inayojulikana na kila aliyewahi kuhamisha data kutoka hazina ya zamani kwenda mpya. Makosa huhama pamoja na mali. Tena yakishafika katika hazina mpya huonekana ya kweli zaidi, kwa kuwa kila afisi sasa inasoma kutoka mahali pamoja na hakuna daftari la pili la kulinganisha. Fundi mwangalifu husafisha kabla ya kuhamisha.

Kwa kijana wa Waberi, maana yake ni kwamba muda una thamani. Rekodi yake ikirekebishwa sasa, ataingia katika mfumo mpya akiwa raia kama wenzake. Isiporekebishwa, atakuwa mgeni katika kila afisi ya nchi yake kwa mara moja, kuanzia hospitali hadi mamlaka ya kodi.

Hadi siku hiyo, ushauri wa wanaosaidia waathiriwa ni wa kawaida lakini wa maana. Mzazi asimwandikishe mtoto wake mahali asipostahili, hata njaa ikibisha hodi. Aliyekwisha kuandikishwa atunze nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, adai jibu la maandishi kila anapokataliwa, na aiweke barua yoyote ya kamati mahali salama. Kamati ikimsafisha, asitosheke na neno la mdomo. Arudi afisini, aweke vidole juu ya kioo, na asiondoke kabla ya kujua mashine imesema nini.